Miguu Iliyotazama Jikoni

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alifanya mambo yale yale. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akala chakula alichofunikiwa mezani, akaosha sahani yake, kisha akachukua fimbo ya gofu iliyoegemezwa kando ya kabati na kutokea mlango wa nyuma. Jina la Chiriku alibandikwa na mjomba wake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Aliongea na paka, aliongea na ndoo, hata chai ikichelewa kupoa aliigombeza. Jina lake la cheti lilibaki kwenye cheti.

Huko nyuma palikuwa na ua mdogo wa saruji. Mbele kulikuwa na kamba ya nguo, na kulia kwa kamba hiyo kulikuwa na mlango wa jiko. Nyuma, upande wa pili, lilikaa tangi kubwa la maji la mwenye nyumba, limejaa mpaka juu, wala hakuna mtu aliyeweza kulisogeza. Familia ilihamia hapo siku shule zilipofungwa. Nyumba ya zamani ilipakana na uwanja wa wazi, na huko Chiriku alizungusha fimbo apendavyo. Hapa alitundika shuka kuukuu kwenye kamba likawa shabaha, akaviringisha soksi zilizotoboka zikawa mpira, akaanza kupiga.

Alipiga likizo nzima. Kiwanja cha gofu ng'ambo ya barabara kuu, ambako watoto wa mtaa walifundishwa kila Jumamosi, kilikuwa kimefungwa ili nyasi zipandwe upya. Wenzake walilala mpaka jua likawachoma, wakaenda kwa bibi zao, wakanenepa. Chiriku alipiga soksi. Viganja vilifanya malengelenge, vikapona, vikaota sugu, naye aliwaonyesha watu sugu hizo kama pete. Kulikuwa na sababu. Baada ya likizo kocha angechagua timu ya kwenda kushindana na watoto wa mji mwingine. Chiriku hakuwahi kulala nje ya mji wao hata siku moja, na kabla ya likizo yeye ndiye aliyekuwa akipiga mpira ulionyooka kuliko wote. Nafasi ile aliiona ni yake kabisa, kilichobaki ni kufunga mkoba.

Jumamosi ya kwanza kiwanja kilipofunguliwa, alijipanga mbele ya wenzake, akazungusha fimbo, akapiga. Mpira ukaruka vizuri, ukaenda moja kwa moja kulia, ukazama kwenye miti.

"Umelenga nani kule, kunguru?" aliuliza Twiga, mvulana mrefu aliyekuwa rafiki yake na mchokozi wake pia.

"Nyamaza. Nimeteleza."

Akapiga wa pili. Kulia. Wa tatu, kulia tena. Ebo! Twiga, ambaye likizo nzima hakugusa fimbo, akasogea akapiga wake, ukanyooka kama uzi. Yeye aliyejitesa anapiga miti, na huyu aliyekuwa akila na kulala anapiga shabaha. Haki iko wapi?

Kocha wao alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana na sauti iliyotangulia kufika kabla yake. Wimbo wake ulikuwa mmoja: mpira huupotezi unapoupiga, unaupoteza kabla hujaupiga. Ndiyo maana aliwafundisha kujipanga kwanza. Fimbo ishikwe kama unavyomshika mkono mdogo wako mkivuka barabara, asiponyoke na asilie. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, mwili uinamie kutoka kiunoni na mgongo usijikunje. Kisha kulenga, maana kwenye gofu unasimama ubavu ukielekea shabaha: kijiti kimoja kinalazwa chini kuelekea shabaha, kingine mbele ya vidole vya miguu, na vijiti hivyo viende pamoja kama reli. Miguu, nyonga na mabega vifuate reli hiyo.

Kocha alimtazama Chiriku, akamgusa kiatu kwa ncha ya fimbo. "Umesimama mshazari. Geuka. Bado. Hapo."

Chiriku akageuka, na akaona kama amepewa miguu ya mtu mwingine. Kusimama sawasawa kulimfanya ajione amepinda. Alivumilia mpaka kocha alipokwenda kwa watoto wengine, kisha miguu ikarudi polepole ilikozoea, na mpira ukaenda kulia.

Kocha akarudi. "Nyumbani unaweka vijiti chini kabla ya kupiga?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijiti vya Chiriku vilikuwa juu ya kabati, vimefungwa na kamba, tangu siku walipohama. Ua ulikuwa mdogo, na yeye alijiambia vijiti ni vya wanaoanza, siyo vya mtu kama yeye. Angeweza kulisema hilo, na hadithi hii ingeishia hapa. Lakini Twiga alikuwa amesimama pale anasikiliza.

"Ndiyo, kocha. Kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Kocha akakunja uso. "Basi kama miguu unaipanga kila siku, tatizo liko kwingine. Tutalitafuta."

Wakalitafuta. Kocha alimbadilisha mikono kwenye fimbo, akamrudisha, akambadilisha tena. Alimwambia azungushe polepole, kisha azungushe upesi. Alipomnyoosha miguu, Chiriku aliitikia "Ndiyo, kocha", na kocha alipogeuza kisogo miguu ilirudi. Kila mazoezi yalimwacha ameharibika zaidi, maana sasa hata mikono yake, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilianza kuogopa fimbo.

Nyumbani kila mtu aligeuka kocha. Mjomba, dereva wa lori, alisema, "Upige kwa hasira, utaogopa wenyewe." Jirani yao Mama Pacha alisema mtoto hali vizuri, apewe maziwa. Kaka yake, aliyejiona ana akili kuliko ukoo mzima, alisema, "Kama unakwenda kulia, si ulenge kushoto? Jambo dogo hilo!" Chiriku akalenga kushoto. Mpira ukaanza kushoto, ukapinda hewani, ukaenda kulia kwa dharau.

Chiriku aliacha kuongea na ndoo. Aliacha hata kumjibu Twiga. Alikuwa anafanya kila anachoambiwa na watu wote, na kila alichofanya kilizidi kumzamisha. Kile kimoja ambacho kingeweza kumsaidia ndicho alichokuwa amekikalia, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kilivyokuwa kigumu kukitoa. Angesema nini? Kwamba alidanganya siku ile, na siku iliyofuata, na ile nyingine? Usiku alijiambia kesho nitasema. Asubuhi alijiambia labda leo mpira utanyooka wenyewe.

Mpira haukunyooka. Ndipo kocha alipopita dukani kwa mama yake Chiriku, chumba cha mbele cha nyumba yao ambamo mama alishonea nguo.

"Mama Chiriku, mimi nimeshindwa kuelewa," alisema kocha. "Mtoto anajipanga vizuri kila siku, ananiambia mwenyewe. Lakini anapiga kama mtu asiyeona shabaha iko wapi. Hebu mpeleke akapimwe macho."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Macho?"

"Sisemi ana ugonjwa. Apimwe tu."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Akarudi uani polepole.

Siku ya pili yake mama alifunga duka. Gauni la bibi harusi lilikuwa mezani, limebaki upindo na vifungo, na mwenyewe angelifuata jioni. Mama aliligusa, akalifunika kwa kitambaa, akamshika mtoto wake mkono, wakaenda hospitali. Foleni ilikuwa ndefu hadi nje ya mlango. Muda wote mama hakuuachia ule mkono. Alikuwa ameyafumba macho, na mara mojamoja aliubana sana mpaka vidole vikauma. Sema sasa, Chiriku alijiambia. Sema mkiwa bado hamjaingia. Lakini foleni ikasogea, wakaingia.

Daktari alimwonyesha ubao wa herufi. Chiriku alisoma mstari wa juu, wa kati, wa mwisho, akasoma hata maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa ubao ule.

"Huyu?" alisema daktari akicheka. "Huyu anaona hata dhambi zangu. Mrudishe nyumbani, mama. Macho yake ni mazima."

Mama alicheka pia, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake, na Chiriku hakuelewa kwa nini mtu alie akiambiwa habari njema. Walipofika nyumbani, bibi harusi alikuwa anawasubiri kwenye ngazi.

"Nimekuja mara mbili, duka limefungwa!"

"Nisamehe sana, mwanangu," alisema mama. "Nilikuwa hospitali na mtoto. Nipe muda kidogo tu."

"Muda gani? Gari linaondoka sasa hivi! Ndugu zangu wote wako barabarani wananisubiri mimi!"

Alilichukua gauni lake vile vile, halina upindo, halina vifungo, akaondoka analia. Mama alisimama dukani mikono imemlegea. Miaka yote ile hakuwahi kumkabidhi mtu nguo ambayo haijaisha. Chiriku aliingia chumbani, akajifunika shuka gubigubi jua halijazama.

Mazoezi yaliyofuata kocha alimwita pembeni. "Macho ni mazima, nimeambiwa. Basi mimi sina la kufanya tena, Chiriku. Jumamosi ijayo nachagua timu. Naona nikupumzishe, nisikutese bure."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali, Chiriku angeweza kukasirika, na hasira ingemsaidia. Lakini kocha alisema taratibu, kama mtu aliyechoka kutafuta kitu kilichopotea, na hapo Chiriku hakuweza tena.

"Kocha, vijiti siviweki," alisema. "Sijaviweka tangu tuhame. Viko juu ya kabati. Nilikudanganya."

Kocha alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Nimekubadilisha mikono bure," alisema mwisho. "Mikono yako ilikuwa sawa kabisa. Haya, twende ukanionyeshe unapofanyia mazoezi."

Katika ule ua mdogo kocha alimwambia asimame kama anavyosimama siku zote. Chiriku akasimama, akalitazama shuka. Kocha akakilaza kijiti kwenye ncha za viatu vyake.

"Usikiguse. Toka hapo, njoo usimame huku nilipo mimi. Kijiti kinaelekea wapi?"

Chiriku alitazama. Shuka lilikuwa kushoto, linapepea peke yake. Kijiti kilielekea mlango wa jiko moja kwa moja.

"Macho yalikuwa yanatazama shuka," alisema kocha. "Miguu ilikuwa inatazama jikoni. Njaa hiyo!"

Chiriku alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Kocha akachukua fimbo, akasimama yeye sasa, mstari wa miguu umelielekea shuka sawasawa, akairudisha fimbo nyuma polepole. Ngoo! Ikagonga tangi.

"Umeona? Ukisimama sawa, tangi linakuzuia. Kwa hiyo mwili ukajigeuza kulikwepa, kidogo tu, wewe mwenyewe hujui. Umelikwepa likizo nzima, mpaka mwili ukaona ndiyo njia. Nikikunyoosha, unaona nimekupinda."

"Kwa hiyo mazoezi yote yale..."

"Ulikuwa unajifunza kukosea," alisema kocha. "Tena kwa bidii sana. Vijiti vingekuambia siku ya kwanza. Na mimi ningekuambia siku ya pili, kama ungenieleza ukweli."

Chiriku alizitazama sugu zake. Hakuwa na hamu ya kumwonyesha mtu tena.

"Mpaka Jumamosi hupigi hata soksi," kocha aliendelea. "Unajipanga tu. Unashika, unasimama, unalenga, unatoka. Tena na tena. Na mama yako anajua habari ya vijiti?"

"Hapana."

"Mpira nitakusaidia. Hilo la mama yako siwezi kukusaidia, ni lako."

Kocha alimweleza mama habari ya miguu na tangi, akaishia hapo. Mama alifurahi, maana hatimaye kulikuwa na kitu anachoweza kukifanya kwa mikono yake. Alisukuma meza ya kukatia nguo ukutani, akachukua rula ndefu na chaki, akapiga magoti, akachora mistari miwili iliyonyooka sakafuni.

"Hata mimi nguo siiharibu kwenye kushona," alisema akipuliza vumbi la chaki vidoleni. "Naiharibu kwenye kukata. Ikishakatwa vibaya, hata ushone vipi haikai. Haya, simama nikuone."

Chiriku akasimama. Akaona amepinda. Akatazama chini, amenyooka. Akatoka, akasimama tena macho ameyafumba, akayafumbua: mguu wa kulia umerudi nyuma. Mama alikuwa anakanyaga cherehani na kumchungulia juu ya miwani. "Mguu, mwanangu. Tena. Mguu." Kila jioni ilikuwa hivyo. Ni jambo la kukatisha tamaa kuamrisha miguu yako mwenyewe nayo isikutii. Na lililomuumiza zaidi ni kumwona mama anapiga magoti kila jioni kuirudia mistari iliyofutika, kwa furaha, bila kujua.

Jumamosi ikafika, Chiriku hajawa tayari. Kocha alimpa kila mtoto mipira yake na bendera moja ya kulenga. Vijiti havikuruhusiwa. Mpira wa kwanza wa Chiriku ulikwenda kulia. Twiga hakumtania safari hii, na hilo lilimtisha kuliko utani. Wa pili ulikwenda kulia pia, ingawa haukufika kwenye miti.

Alirudi nyuma. Alishika fimbo upya, asiibane, asiilegeze. Akaweka miguu. Akalegeza magoti, akainama kutoka kiunoni. Akatafuta kwa macho mstari wa chaki ambao haukuwepo, akaufuata hivyo hivyo. Kila kiungo kilimwambia anakosea. Aliona kabisa kwamba anaupeleka mpira kwenye banda la watunza nyasi, kushoto kabisa, na watu watacheka. Lakini alikwisha kujua kwamba hawezi kuviamini viungo vyake, na hakuwa na kingine cha kuamini isipokuwa ule mpangilio. Akapiga bila matumaini.

Mpira ulinyooka. Ulidunda karibu na bendera, ukabingirika kidogo, ukatulia. Uliofuata ulinyooka, na uliofuata huo vile vile. Kocha aliposoma majina ya timu alianza na Twiga, akamalizia na Chiriku.

Habari zilimtangulia kufika nyumbani, bila shaka kwa miguu mirefu ya Twiga. Mama alikuwa mlangoni anapiga vigelegele, Mama Pacha anamsaidia. "Mtoto wangu anasafiri!" mama aliwaambia wapita njia. "Na macho yake mazima, daktari kasema!" Alimkumbatia, akamkalisha, akamwekea chakula kingi. Chiriku alikitazama kile chakula, akakisogeza kando.

"Kula, mwanangu. Una nini tena? Si umechaguliwa?"

"Mama, mimi sikuwa na shida ya macho."

"Ndiyo, daktari si alisema?"

"Nilijua kabla hatujaenda." Akasema yote: vijiti juu ya kabati, swali la kocha, uongo wa kila siku, mlango aliosimama akisikia habari ya kupimwa macho, na foleni. Alisema upesi ili asipate nafasi ya kuacha.

Mama aliuweka upawa mezani. Mama Pacha akakumbuka kwamba ameacha chungu jikoni, akaondoka.

"Unajua kwenye ile foleni nilikuwa nafanya nini?" mama aliuliza. "Nilikuwa nimefumba macho yangu. Nilikuwa najaribu kuona utakavyoishi usipoona. Nikawaza nitakufundishaje kutunga uzi kwenye sindano gizani. Nikawaza nitakufundishaje kuvuka barabara, na mimi nikifa utavushwa na nani. Na wewe ulikuwa pembeni yangu, mkono wako ninao mimi."

Machozi ya Chiriku yalidondoka mezani.

"Mpira kwenda kulia si kosa," alisema mama. "Mtu anayejifunza lazima akosee, na bidii yako mimi nimeiona. Lakini ukificha mahali unapokosea, wanaokupenda watahangaika kutafuta mahali pasipo na kitu. Kocha alihangaika na mikono yako, mimi nikahangaika na macho yako, na wewe ukabaki peke yako na miguu yako. Ukiwa na shida, sema shida yenyewe, hata ikiwa ya aibu. Hapo ndipo tunapoweza kukusaidia."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe." Mama alimvuta karibu, akamfuta uso kwa kiganja. "Lakini kuna mtu mwingine. Yule binti aliolewa amevaa gauni lisilo na upindo, naye hakukukosea lolote. Amekwisha kurudi mjini. Kesho tutakwenda kwake, nitalimalizia gauni lake, na wewe utamwambia kwa nini duka lilikuwa limefungwa."

"Nitaanzaje, mama?"

"Anza na kumsalimu," alisema mama. "Yanayofuata unayajua."